Kinachomchelewesha Karl Bushby ni mhuri, si miguu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua nichangie habari mliyoitoa kuhusu Karl Bushby, yule Mwingereza anayerudi kwao Hull kwa miguu akitokea ncha ya kusini ya Chile. Nawashukuru kwa kuiandika, maana ni magazeti machache ya Kiswahili yaliyomjali. Ila mliipa kichwa cha barafu, msitu na jangwa, na toleo lililofuata wasomaji wawili wakaandika kwamba huyo ni mtu asiye na kazi ya kufanya, na mmoja akaongeza kuwa ni baba aliyemkimbia mtoto wake. Mimi ni baharia mstaafu. Nimefanya kazi ya serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitahani, kwenye meli za mizigo kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na safari ya mtu huyu nimeifuatilia kwa miaka mingi, kila nilipopata intaneti bandarini. Naona jambo kubwa kuliko yote ndani yake hamkuligusa.

Kwa wale ambao habari iliwapita: Bushby alikuwa askari wa miavuli wa jeshi la Uingereza. Tarehe 1 Novemba 1998, akiwa na umri wa miaka 29 na dola 500 mfukoni, aliondoka Punta Arenas kuelekea kaskazini. Alijiwekea masharti mawili. La kwanza, asisogee mbele kwa chombo chochote cha injini wala cha kubebwa. Ni miguu yake, na penye maji ni kuogelea au kukanyaga barafu. La pili, asirudi nyumbani mpaka afike kwa miguu hiyohiyo. Akilazimika kutoka kwa ndege, sharti arudi mahali pale alipoishia, asimame kwenye alama ileile, ndipo aendelee. Njia nzima inakadiriwa kuwa kilomita 58,000.

Punta Arenas naifahamu. Ipo kwenye Mlango Bahari wa Magellan, na tulipopita huko upepo wa magharibi ulikuwa unapiga kutwa kucha bila kupumua, kiasi kwamba mtu akitoka kwenye sitaha anatembea ameinama kama aliyebeba gunia. Mtu aliyechagua pale kuwa mwanzo wa njia ya kwenda kwao alijua anachokitafuta. Kwa hiyo sisemi kwamba barafu na jangwa si kitu.

Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Mtu mwenye afya na mazoezi ya jeshi anaweza kutembea kilomita 30 kwa siku na mzigo wake. Gawanya 58,000 kwa 30, unapata siku zisizofika 2,000, yaani miaka mitano na miezi kidogo. Mpe siku moja ya kupumzika kwa kila siku moja ya kutembea, bado haijafika miaka 11. Mwenyewe alipoanza alitarajia safari imchukue chini ya nusu ya muda ambao imeshamchukua. Sasa ni zaidi ya robo karne. Miaka mingine yote imekwenda wapi? Haikuliwa na barafu wala na msitu. Imeliwa na viza, na siku za kukaa zilizohesabiwa, na mipaka iliyofungwa, na ofisi ambako mtu anaambiwa aje kesho.

Amerika ya Kusini aliipita vizuri, kwa sababu kuna barabara na kwa sababu pasi ya Uingereza inafungua milango ile. Barabara kuu ya mabara ya Amerika ina urefu wa kilomita kama 30,000 kutoka Argentina hadi Alaska, na inakatika sehemu moja tu, Darién, kati ya Kolombia na Panama. Ni kama kilomita 100 za kinamasi, mito na msitu mzito, na wakati ule kulikuwa na vita vya msituni upande wa Kolombia. Magazeti yote yaliandika kuhusu nyoka na wapiganaji. Alipita akijificha, na akatokea mzima. Kilichomkamata kilikuwa upande wa pili: Panama ilimweka ndani kwa sababu ameingia pasipo na kituo cha uhamiaji. Ndipo nilipoanza kuona sura halisi ya safari hii, ingawa yalikuwa yamebaki mengi makubwa zaidi.

Machi 2006 alifika Mlango Bahari wa Bering, akiwa na Dimitri Kieffer, Mfaransa aliyehamia Marekani. Hapa naomba mnivumilie niseme kidogo, maana wasomaji wengi wanadhani kuvuka kule ni kama kutembea juu ya sakafu nyeupe. Sehemu nyembamba kabisa kati ya Alaska na Urusi ni kilomita kama 85, na kina chake ni kifupi, kama mita 50. Barafu yake haitulii. Chini yake maji yanakwenda kaskazini yakitoka Bahari ya Pasifiki, na juu yake upepo unaisukuma upande wowote unaoutaka, hivyo vipande vinapasuka, vinapandana, vinaacha vijito vya maji yaliyo wazi. Maji ya chumvi huganda karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri, kwa hiyo yale unayoyaona wazi ni ya baridi kuliko barafu ya kwenye kinywaji. Wale wawili walikuwa wamevaa nguo zisizopitisha maji, wakiburuta mizigo iliyotengenezwa ili iweze kuelea. Wakikuta barafu wanatembea, wakikuta maji wanaingia na kuogelea, wakitoka upande wa pili wanapanda tena. Na usiku ukilala, kipande ulicholalia kinasafiri. Unaamka umerudishwa nyuma au umepelekwa kando, na jasho la jana limepotea. Ndiyo maana kilomita 85 za ramani ziliwachukua wiki mbili na mwendo wa kama kilomita 240.

Kabla yao Warusi wawili, Dmitry Shparo na mwanawe Matvey, waliwahi kuvuka kwa skii mwaka 1998. Kwa hiyo Bushby na Kieffer hawakuwa wa kwanza, na sioni haja ya kuwapamba kwa sifa hiyo. Walichofanya kinatosha.

Walitia mguu nchi kavu karibu na kijiji cha Uelen, Chukotka, ncha ya mashariki kabisa ya Urusi. Walinzi wa mpaka wakawashika. Viza walikuwa nazo. Kosa lilikuwa kwamba hawakuingia kupitia kituo kinachotambuliwa, na barafu haimpeleki mtu kwenye kituo, inampeleka inakotaka yenyewe. Mahakama ikataka waondolewe nchini, na ilibidi uamuzi huo ubatilishwe ndipo safari isife pale pale ufukweni. Fikirieni: mtu ametoka hai mahali ambapo chombo chochote cha majini kingepondwa, na hapo ndipo angeweza kushindwa, kwa kukosa mhuri.

Kisha ikaja miaka ya Chukotka, ambayo nchini mwetu hakuna aliyeiandika. Eneo lile halina barabara za kuunganisha vijiji. Kiangazi ardhi inayeyuka na kuwa tope na madimbwi yasiyopitika kwa miguu, hivyo mtu anaweza kutembea tu wakati wa baridi, mito ikiwa imeganda na mwanga umerudi. Sasa weka juu yake sheria ya viza: siku 90 ndani ya kila siku 180. Weka na kibali cha eneo la mpaka, kinachotolewa na ofisi nyingine. Vyote vinatakiwa viangukie kwenye wiki zilezile chache za mwaka. Kikichelewa kimoja, mwaka umekwenda. Mwaka 2008 uchumi wa dunia ukayumba, wafadhili wakajitoa, akakaa akisubiri, miaka ikapita hajasogea. Alipopata tena uwezo wa kuendelea, mwaka 2013 Urusi ikampiga marufuku kuingia kwa miaka mitano.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya nimheshimu kuliko alivyovuka Bering. Alitembea kutoka Los Angeles hadi ubalozi wa Urusi mjini Washington, kilomita kama 4,800, ili apeleke ombi lake kwa miguu. Kilomita zote hizo hazikumsogeza nyumbani hata hatua moja. Hazimo kwenye hesabu ya safari. Alivuka bara zima ili agonge mlango wa ofisi. Marufuku iliondolewa, akarudi Urusi, akasimama kwenye alama yake, akaendelea hadi Mongolia na baadaye Asia ya Kati.

Mhariri, naandika haya kwa uchungu, na sababu yake ni hii. Mwaka 2020 sikuwa nimestaafu. Mkataba wangu ulikwisha tukiwa safarini, na kwa kawaida wakala wa meli anapanda ngazi na tiketi za wanaoshuka, wenzetu wapya wanapanda, tunakabidhiana funguo na kazi. Tulipofika bandari moja ya Asia wakala alipanda amejifunika uso kwa barakoa, hakuingia hata ndani ya jumba la meli. Alisimama pale juu ya ngazi, akamkabidhi nahodha karatasi, akashuka. Karatasi ilisema hakuna baharia wa kushuka wala wa kupanda. Begi langu lilikuwa limefungwa, liko juu ya kitanda, na mswaki nilikuwa nimeuweka kwenye mfuko wa pembeni. Nikafungua zipu ya mfuko ule, nikautoa mswaki, nikaurudisha kwenye kikombe bafuni. Begi lenyewe sikulifungua. Lilikaa vile, bandari baada ya bandari, mpaka nguo zilizokuwa ndani zikashika harufu ya unyevu.

Meli ilikuwa nzima. Mafuta yalikuwapo. Mizigo yetu iliruhusiwa kushuka kila mahali, makontena yaliteremshwa usiku na mchana. Miili yetu ndiyo haikuruhusiwa. Shirika la Kimataifa la Bahari lilisema wakati ule kwamba mabaharia wapatao 400,000 walikuwa wamekwama melini huku mikataba yao imekwisha. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 hauruhusu baharia akae chomboni miezi 12 mfululizo bila likizo. Wengi walipitisha hapo. Waliokuwa nchi kavu, wakisubiri kupanda ili wapate mshahara, nao walikwama upande wao. Sitaji kampuni wala bandari, maana si nia ya barua hii kumshitaki mtu. Nataka wasomaji waelewe kwamba ninaposema karatasi inaweza kumzuia mtu kufika kwao kuliko bahari yenyewe, nasema nililolishika kwa mkono.

Na safari ya Bushby wakati huohuo ilikuwa imekwama Asia ya Kati kwa janga lilelile la korona. Lilipopungua, njia yake ya kwenda magharibi ilikuwa imefungwa pande mbili. Kusini ni Iran, na viza hakuipata. Kaskazini ni Urusi, nchi iliyoingia vitani, na kwa Mwingereza aliyewahi kufukuzwa huko haikuwa njia ya kutumaini. Katikati ni Bahari ya Kaspi. Basi akaamua kuogelea.

Wasomaji wako waliposema hana kazi ya kufanya, naamini walidhani aliogelea kwa kutafuta sifa. Hapana. Aliogelea kwa sababu maji ndiyo yaliyobaki bila geti. Na si muogeleaji wa fani, ni mtembeaji. Agosti 2024 aliingia majini upande wa Kazakhstan, na baada ya siku 31 akatoka upande wa Azerbaijan, kilomita kama 288. Aliogelea na Angela Maxwell, mwanamke wa Kimarekani ambaye naye aliwahi kuizunguka dunia kwa miguu peke yake kwa zaidi ya miaka sita, na waogeleaji wa Azerbaijan wakawasindikiza.

Kaspi sikuwahi kuifikia, meli zetu zilikuwa kubwa kuliko mifereji ya Urusi inayopeleka vyombo huko. Lakini najua mambo mawili kuihusu ambayo baharia yeyote angeyatazama kwanza. Uso wake uko mita kama 28 chini ya usawa wa bahari kuu, na maji yake yana chumvi kama theluthi moja tu ya ile ya bahari kuu. Maana yake mwili hauinuliwi kama unavyoinuliwa kwenye bahari ya chumvi kamili; muogeleaji anafanya kazi zaidi kubaki juu. Jambo la tatu nimelisoma: ni bahari inayoweza kubadilika kutoka shwari hadi mawimbi mafupi makali kwa muda mfupi, na mawimbi mafupi ndiyo yanayomchosha muogeleaji, maana hayampi nafasi ya kuvuta pumzi kwa mpangilio.

Walilala kwenye boti. Kuna waliouliza kama hiyo haivunji sharti. Haivunji, na nataka nieleze kwa nini, kwa sababu hapa ndipo uaminifu wa mtu unapoonekana. Anapomaliza kuogelea kwa siku, mahali alipoishia panaandikwa kwa vipimo vya setilaiti. Anapanda botini, anakula, analala. Wakati wa kuendelea, boti inamrudisha pale pale, anaruka majini, anaanza. Hapo katikati ya maji hakuna jiwe wala mti wa kumkumbusha. Boti ingeweza kusogea usiku na asingepatikana wa kumsuta. Ni namba mbili tu kwenye kifaa na neno la mtu. Mimi nimekaa zamu za usiku kwenye daraja la meli nikiandika mahali tulipo kwenye kitabu cha meli kila saa, na najua ni rahisi kiasi gani kuandika namba nzuri kuliko namba ya kweli. Mtu anayerudi kwenye namba yake kila siku, bila askari wala refa, huyo ninamwamini na kwa yale mengine.

Kisha tazameni Azerbaijan. Nchi ile ilifunga mipaka yake ya nchi kavu mwaka 2020 na haikuifungua kwa wasafiri wa kawaida. Kwa hiyo mtu aliyeikaribia kutoka majini alihitaji serikali moja ikubali atoke ufukweni kwake akiogelea, na nyingine ikubali apokelewe ufukweni kwake akiwa amelowa. Naambiwa kazi ya kupata ruhusa hizo ilichukua muda mrefu kuliko kuogelea kwenyewe, na sishangai. Hakuna fomu duniani yenye kisanduku kinachosema: chombo cha usafiri, mikono.

Mliandika pia kwamba anasafiri peke yake. Hapo nataka tuwe waangalifu. Nchi kavu, kwa sehemu kubwa, ndiyo: amevuka majimbo na majangwa akiwa na mzigo wake tu. Majini hapana. Bering alikuwa na Kieffer, na Kaspi alikuwa na Maxwell na waogeleaji wa nchi ile na watu wa boti waliokesha macho wazi wakiangalia vichwa majini. Hilo halimpunguzii kitu. Watu wa pwani na wa maziwa wanalijua bila kufundishwa: nchi kavu unaweza kwenda mwenyewe, majini unahitaji jicho la mwenzako. Tukiandika kwamba alikuwa peke yake kote, tunawafuta watu waliokaa kwenye boti siku 31 wakihesabu pumzi za wenzao, na hilo mimi siwezi kukaa nalo kimya, maana kazi hiyo nimeifanya. Nimeshika kamba wakati mwenzangu yuko chini ya ubavu wa meli, na sikuwahi kuona jina la mshika kamba gazetini.

Nije kwa msomaji aliyesema amemkimbia mtoto. Ni kweli aliacha mtoto mdogo wa kiume Uingereza, na mtoto huyo sasa ni mtu mzima. Sitalifunika hilo kwa sifa za safari. Wakati mwingine mtu akiona kazi kubwa hivi anataka kila kitu ndani yake kiwe kizuri, na si hivyo. Miaka ya mtoto hairudi pale ulipoiachia. Alama ya setilaiti haiwezi kuihifadhi. Baba wengi tuliofanya kazi za mbali tunalijua hilo. Watoto wetu walijifunza kutembea na kusoma sisi tukiwa baharini, na tulipofika walitutazama kama wageni waliokuja na zawadi. Tofauti ni kwamba sisi tulikwenda kwa sababu ya ada za shule na paa la nyumba, na hakuna aliyetuuliza. Bushby alikwenda kwa hiari, na anastahili kuulizwa.

Lakini yule msomaji amekosea katika neno alilochagua. Aliyekimbia anakwenda mbali. Huyu, ukiacha ile ya kwenda kugonga mlango wa ubalozi, kila hatua ya safari aliyopiga tangu tarehe 1 Novemba 1998 imeelekea kwa mtoto wake. Tena kama angeruhusiwa kutembea tu bila kusimamishwa, angefika mtoto akiwa bado yupo shuleni. Sehemu ya kutokuwapo kwake ni lawama yake mwenyewe. Sehemu nyingine, na kwa hesabu niliyoionyesha hapo juu ndiyo kubwa, inatokana na madirisha ya ofisi. Anayetaka kulaumu agawe lawama sawasawa.

Na bado haijaisha, jambo ambalo ndilo lililonisukuma kuandika sasa. Mwaka 2025 alivuka Istanbul akaingia upande wa Ulaya. Mtu angedhani hapo amefika: ni Mzungu, yuko Ulaya, kwao ni hatua kidogo. Alipoondoka mwaka 1998 ingekuwa hivyo kweli. Pasi ya Uingereza ilimruhusu kuishi na kutembea katika nchi zote za Umoja wa Ulaya apendavyo. Akiwa njiani, nchi yake ikajitoa, na tangu mwanzo wa mwaka 2021 Mwingereza ni mgeni kama wageni wengine: siku 90 ndani ya kila siku 180 katika nchi za mkataba wa Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Bulgaria na Romania, ambazo zingeweza kumpa nafasi ya kupumua kabla ya saa kuanza kugonga, zilikuwa zimekamilisha kuingia Schengen upande wa mipaka ya nchi kavu tarehe 1 Januari 2025, miezi michache tu kabla hajafika. Kwa hiyo sheria ya siku 90, ambayo ilimla miaka Urusi, imemsubiri mlangoni kwao. Anatembea, siku zinakwisha, anatoka, anakaa nje ya Ulaya mpaka aruhusiwe tena, anarudi kwenye alama. Mtu anahesabiwa siku akiwa anaelekea nyumbani kwake.

Mwisho wa njia kuna maji tena, yaliyo kati ya Ufaransa na Uingereza. Sehemu nyembamba ni kilomita kama 33. Chini yake kuna njia ya reli iliyofunguliwa mwaka 1994, yenye urefu wa kilomita 50, kati ya hizo 38 ziko chini ya bahari. Ni mashimo matatu: mawili ya treni, na katikati yao moja dogo la huduma, ambalo mafundi hulitumia na ambalo abiria hukimbilia hatari ikitokea. Mtu anaweza kulipita kwa miguu, mradi aruhusiwe. Bushby ametamani apewe ruhusa hiyo. Akinyimwa, ni kuogelea, na maji yale nayafahamu. Nimeyapita mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na ni miongoni mwa njia zenye meli nyingi kuliko zote duniani. Meli zinapita kwa safu mbili kama magari barabarani, usiku na mchana, na mkondo wa kujaa na kupwa unamchukua muogeleaji kumpeleka kando ili afike mbali na alikolenga. Watu huvuka kila kiangazi, wakiwa na boti za kusindikiza, kwa hiyo inawezekana. Ila ni mtu anayekaribia miaka 60 sasa, na penye njia kavu, salama, yenye taa, sioni sababu ya kumwingiza mtu kwenye maji ya nyuzi 16 katikati ya meli zetu kubwa. Sisi tulio juu hatuoni kichwa cha mtu majini. Nasema hivyo nikijua ninachosema.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni mahususi. Msisubiri siku atakapoingia Hull ndipo mpige picha ya mtu mwenye ndevu akikumbatiwa. Andikeni sasa kuhusu ruhusa ya lile shimo la huduma: nani anaitoa, imeombwa lini, imejibiwaje. Mna waandishi Ulaya wanaoweza kupiga simu Ufaransa na Uingereza na kuuliza. Na mkichora tena ramani ya safari hii, msichore mstari mmoja mwekundu kama mlivyofanya. Wekeni na tarehe. Wekeni mahali aliposimama na muda aliosimama, mwandike pembeni sababu: viza, marufuku, fedha, korona, viza, siku 90. Msomaji akiitazama ramani ya namna hiyo ataona mwenyewe mstari unakoenda haraka na unakokwama, na wale vijana wenu wanaoniandikia kuniuliza namna ya kupata kazi ya ubaharia watajua kwa nini nawaambia wapate kwanza kitabu cha baharia na pasi yenye muda wa kutosha, ndipo wanunue viatu.

Ikiwa mtahitaji mtu wa kuwasaidia kusoma chati ya mikondo ya maji yale ya Ufaransa na Uingereza kwa ajili ya habari hiyo, nipo, na anwani yangu mnayo.

Wenu,
Baharia mstaafu
(jina limehifadhiwa)